Zimwi Lenye Goti Bovu

Zimwi langu la kwanza liliuawa kwa dakika nne, na katika hizo nne, moja fundi saa alikuwa jikoni anakunywa maji. Lilikuwa na pembe mbili, meno ya kutosha na nguvu mia na ishirini. Lilisimama katikati ya pango likingoja kupigwa, likapigwa, likafa.

"Msimulizi," fundi saa akaniambia akifuta midomo, "panya wa dukani kwangu ana mipango kuliko hilo."

Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mume wangu, ambaye hunitetea mbele za watu na kunikosoa tukibaki wawili, aliamua kutazama dari.

Mchezo wenyewe tuliupatia darasa la jioni. Mwalimu wetu wa lugha aliuleta ili watu wazima tuache kuona haya kusema mbele za wenzetu. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali na hatari zake. Wengine ni wasafiri, kila mmoja anasema msafiri wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu inaamua. Mwalimu alipohamishwa sisi watatu, mimi, fundi saa na nesi, hatukutaka kuuacha. Tukawa tunakutana kwangu kila Jumamosi alasiri, maana mimi ndiye mwenye mtoto mdogo, na mtoto hafungwi kwenye mkoba. Mume wangu alianza kwa kupitapita nyuma ya viti vyetu kama mtu aliyepoteza kitu, siku moja akavuta cha kwake. Dadu ni ya fundi saa. Aliichonga mwenyewe, pande ishirini, kwa tupa ndogo za kazini, na inapenda saba kidogo. Tunajua, tumeizoea.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza.

"Saa ikiletwa kwangu siipigipigi. Najiuliza kwanza, hii inajaribu kufanya nini? Hata saa mbovu ina kitu inajaribu kufanya. Halafu naangalia nini kinaizuia. Hilo lako lilikuwa linajaribu nini?"

"Kuwala."

"Kwa nini sisi? Mbuzi wameisha?"

Nikavuta kalamu.

"Na lazima liogope kitu," nesi akasema. "Wodini wale wagonjwa wakali, wanaorusha vikombe, karibu wote wana hofu. Ukiijua hofu yao unajua kama atarusha au atalia. Halafu dada, lijue kuondoka. Hakuna chenye uhai kisichojua kuondoka. Lile lako lilikuwa kama limepigiliwa misumari."

Nikayaandika nyuma ya daftari langu, maswali manne: Linataka nini? Linaogopa nini? Linaanzaje? Linaondoka lini? Tukakubaliana pia kwamba safari ijayo zimwi lisichezwe na mimi. Atapewa mchezaji mmoja, alisome kwenye karatasi, alifikirie kwa kichwa chake, mimi nibaki kueleza mahali na kuamua ugomvi. Kura ikamwangukia mume wangu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne akaja mama mkwe wangu.

Alikuja na begi moja kubwa. Alipolifungua nikaona ndani yake kuna jingine, tupu, limekunjwa bapa kama barua. Sikulitilia maanani. Alitoa sabuni, taulo, kitambaa cha kufunga goti lake ambalo humsumbua, na shati la mwanawe alilokuwa amelitia kifungo. Alipofika mwisho akalikung'uta lile tupu, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha binti yangu.

Binti yangu ana miaka minne na tunamwita Chiriku, maana hanyamazi ila akiwa anafanya kosa. Bibi yake alimsuka siku ile ile bila chozi hata moja, jambo ambalo mimi sijaliweza tangu azaliwe. Siku ya pili bomba la jikoni likaacha kudondosha. Siku ya tatu nikarudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanukia usafi, mtoto ameoga, na Mama amekaa anapepeta mchele kwenye sinia.

"Mtihani wako wa darasa la jioni lini?" akaniuliza.

"Baada ya wiki saba, Mama."

"Mshika mawili, mwanangu, moja humponyoka."

Hakusema mawili gani. Akaendelea kupepeta.

Kesho yake akasema kule kwake kuna nafasi, vyumba vinne na mtu mmoja. Keshokutwa yake, Jumamosi ambayo hatukucheza kwa kuwa nesi alikuwa zamu, akasema chekechea iko mlango wa pili kutoka kwake, na mwalimu wake ni mtu mwenye subira. Jumapili akatoka kununua chumvi, akarudi na chumvi na viatu vya Chiriku, vyeusi, vya kufunga kwa kamba. Namba ishirini na saba. Chiriku anavaa ishirini na tano.

"Atakua," akasema. Na viatu havikuwekwa mlangoni pamoja na vingine. Viliingia kwenye begi lile la nyuma ya mlango.

Kila neno lilikuwa dogo, na kila neno lilikuwa jema. Nitakataaje bomba lisilodondosha? Nitakataaje nywele zilizosukwa vizuri? "Siku chache tu upumue" ikawa "mpaka mtihani upite", nayo, ikipitia kwa jirani aliyekuja kusalimia, ikarudi kwangu kuwa "mpaka mwakani". Mimi nilikuwa nasema "ee, Mama" na "tutaona, Mama", na kila "tutaona" niliiona ikikunjwa na kuwekwa begini.

Nilimwambia mume wangu tukiwa tunaanua nguo.

"Mama anataka kumchukua Chiriku."

"Amesema?"

"Hajasema."

"Basi," akanijibu, akaondoka na kikapu cha vibanio, kana kwamba vibanio ndivyo vilivyokuwa na haraka.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kushona sare. Mashine yangu ni ya matundu ya vifungo. Wiki ile nilitoboa mashati kumi na moja upande usio wake, msimamizi akayaweka mbele yangu bila neno, na ukimya wake ulikuwa afadhali kuliko ule wa nyumbani. Alhamisi ya wiki ya pili niliingia chumbani kutafuta soksi, nikaliona begi la nyuma ya mlango limevimba. Nililifungua kidogo. Ndani kulikuwa na sweta ya Chiriku, ile ya baridi, na baridi ilikuwa mbali miezi mitatu. Mama alikuwa ameshasema ataondoka Jumatatu asubuhi.

Ningekuwa na mkwe mbaya ningejua la kufanya. Mbaya unamfukuza, au unawalalamikia ndugu, au unalia watu wakuone. Huyu alikuwa ananipenda. Alikuwa ananichukulia mtoto kwa mapenzi, na darasa la jioni lilikuwa limenifundisha kuandika barua ya kuomba kazi, ripoti na insha ya kurasa mbili, halikunifundisha kumwambia mtu huyo hapana.

Lakini nilikuwa na zimwi la kuandika, na zimwi lile lingesomwa na mume wangu. Nikaona hapo pana mlango. Atalisoma, atalicheza, atasema maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe, na katikati ya mchezo atasita na kunitazama. Ndivyo nilivyopanga. Nikaliandika Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, karatasi juu ya mashine iliyozimwa.

*Zimwi huishi kwenye nyumba kubwa iliyo safi. Goti lake la kulia ni bovu, hutembea kwa kujikokota. Limemchukua mtoto wa kijiji.*

*Linataka nini? Mtoto.*

*Linaanzaje? Halipigi mtu. Halivunji mlango. Huingia na zawadi na kutengeneza kilichoharibika. Haliombi kitu kikubwa, huomba kidogo, kisha kidogo. Haliulizi swali ambalo mtu anaweza kulijibu hapana. Hununua viatu vikubwa kuliko mguu ili mtoto akulie ndani yake.*

*Linaogopa nini?* Hapo nikakwama. Nikaacha wazi. *Linaondoka lini?* Hapo pia nikaacha wazi, maana ningekuwa najua nisingekuwa nimekaa pale na kalamu.

Jumamosi walikuja saa tisa. Fundi saa alileta dadu yake kwenye kifuko, nesi akaleta miguu iliyochoka na kuiweka juu ya kigoda. Mama alikuwa dirishani anakunja nguo. Chiriku alikuwa chini ya meza na kopo langu la vifungo, anavipanga kwa rangi na kuvigombeza.

Niliiweka karatasi mbele ya mume wangu imefunikwa kifudifudi. Alinyoosha mkono kuigeuza, na simu yake ikalia. Mume wangu ni fundi umeme wa kiwanda cha barafu. Alisikiliza, akasema "zote mbili?", akasimama.

"Mashine zimezima. Nisipokwenda, mpaka jioni patakuwa na bwawa la kuogelea."

Akachukua mkoba wa vifaa akatoka. Nikajikuta napumua. Nilinyoosha mkono niichukue karatasi yangu, nikisema basi tuahirishe.

"Tuahirishe kwa nini?" fundi saa akasema. "Mama yupo. Mama, njoo utuokoe, tumekosa zimwi."

"Mama amechoka," nikasema.

"Nani amechoka?" Mama akasema kutoka dirishani. "Nimekunja nguo, sikupanda mlima. Hilo zimwi kazi yake nini?"

"Kutusumbua tu."

"Hiyo naiweza. Nimelea watoto watano."

Kabla sijapata ulimi, fundi saa alikuwa ameshampa karatasi mkononi kwa heshima zote, kama anayekabidhi saa iliyopona. Na meza yetu ina kanuni moja ambayo hatujaivunja, tuliiweka kwa sababu ya mume wangu aliyekuwa anabadilisha msafiri kila akishindwa: karatasi ikishakabidhiwa hairudi mpaka dadu irudi kifukoni. Mimi ndiye niliyeidai kanuni hiyo. Nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani.

Mama alivaa miwani yake, yenye uzi badala ya mkono mmoja. Husoma polepole, midomo ikifuata. Nilitazama midomo ile. Niliiona ikipita kwenye nyumba kubwa iliyo safi. Niliiona ikifika kwenye zawadi, ikasimama, ikarudi nyuma mstari mmoja, ikaendelea. Nesi alikuwa anasimulia habari ya mgonjwa aliyemwomba ampimie paka presha, na mimi nilicheka mahali pasipo na kichekesho.

Mama alifika mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa pana kosa," akasema.

"Wapi, Mama?" fundi saa akauliza.

"Limeandikwa goti bovu ni la kulia. Ni la kushoto."

Fundi saa akapiga meza kwa furaha. "Mnaona? Dakika moja tu ameshaingia mwilini mwake. Msimulizi, rekebisha."

Sikuishika kalamu. Goti lile nilikuwa nalifunga mwenyewe kila jioni, nimepiga magoti mbele yake, na upande wa mkono wangu wa kulia ndio uliokuwa na uvimbe. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa aliyekaa upande wa pili, kulia kwangu ni kushoto kwake.

"Tuanze," Mama akasema. "Mimi niko nyumbani kwangu. Nani anabisha?"

Hakunitazama.

Nilieleza mahali kwa sauti ambayo sikuijua. Wasafiri wametumwa na kijiji wamrudishe mtoto. Wamefika kwenye nyumba ya vyumba vinne, ua umefagiliwa. Fundi saa, ambaye msafiri wake ni mwizi aliyestaafu, akasema anapita dirishani na kisu mdomoni.

"Kisu mdomoni utajikata," Mama akasema. "Pita mlangoni, uko wazi. Kaa. Viatu vyako vimetoboka, lete nishone."

"Ah. Navua viatu?" Fundi saa alinigeukia. "Navua, si ndiyo? Amenikaribisha."

Akavua. Mwizi wake akawa hana viatu ndani ya nyumba ya zimwi, na hakuona lolote baya. Nesi, mpiga upinde, alikuwa mwangalifu zaidi. Alibaki uani na mshale tayari.

"Wewe hujalala siku ngapi?" Mama akamuuliza.

"Mimi au msafiri?"

"Yeyote. Macho yako nayaona. Chumba cha pili kina kitanda, mlango unafungwa kwa ndani, ufunguo ukae nao wewe. Nitakuamsha saa unayotaka."

Nesi aliweka kalamu chini. "Hilo si haki," akasema taratibu. "Hakuna aliyeniambia hivyo mwaka mzima." Akatupa dadu aone kama mpiga upinde ataweza kukataa. Ikaja saba. Akaenda kulala.

Kwa muda usiofika robo saa, zimwi lilikuwa limewamaliza wote wawili bila kuinua kidole. Fundi saa alikuwa anafurahi kama mtoto, anasema hili sasa ndilo zimwi, hili lina akili. Mimi nilikuwa natazama wiki zangu mbili zikichezwa mezani kwangu. Kila kitu alichofanya kilikuwa kimeandikwa, na alikifanya vizuri kuliko nilivyokiandika, maana yeye hakulazimika kukibuni.

"Nina swali kwa zimwi," nesi akasema. "Nikiwa nimelala lakini naongea usingizini, inaruhusiwa? Nyumba ina vyumba vinne. Wewe unafanya nini humo siku nzima?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Mama alifikiri.

"Ninawasha redio," akasema. "Mbili. Moja sebuleni, moja chumbani. Betri za moja zikiisha, nyumba isinyamaze ghafla."

Fundi saa alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akatazama karatasi. Ni mtu anayesikia saa ikikosea pigo moja. Taratibu, kama anayejikuna, mkono wake ukaifuata dadu, na mkono wa pili ukafungua kifuko.

"Iache hapo, baba," Mama akasema. "Mchezo haujaisha. Bado mtoto."

Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Chiriku."

"Bee, Bibi."

"Kuna mtoto kwenye hadithi ya mama yako. Ana nyumba mbili. Moja ya kwao, na nyingine kubwa, ina chekechea mlango wa pili, na viatu vipya. Wewe unadhani mtoto huyo—"

"Mama, usimuulize."

Ilitoka kwangu. Haikuwa kubwa. Chiriku alikuwa ameshika kifungo cha bluu katika kila mkono, akanitazama, maana hakuwahi kunisikia nikimkatiza bibi yake. Mimi pia sikuwahi kujisikia.

"Usimuulize mtoto," nikasema tena. "Niulize mimi."

"Nimekuuliza siku kumi na mbili."

"Hapana, Mama. Hujaniuliza. Umenitengenezea bomba."

Nesi alitazama miguu yake. Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati, na wote tukamsikiliza mpaka alipoishia.

"Karatasi hii," Mama akasema, "uliniandikia mimi?"

"Hapana. Nilimwandikia mwanao."

"Ili aje aniambie."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo na wewe unapitia dirishani, na kisu mdomoni." Aliisema bila ukali. Hilo lilinichoma zaidi kuliko ukali, maana lilikuwa kweli. Aliiweka karatasi chini, akailainisha kwa kiganja. "Haya. Nakuuliza. Nipe mjukuu wangu nikae naye mpaka mtihani wako upite."

Hapo sasa swali lilikuwa mezani, jeupe, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kulikimbia. Nilifikiri juu ya bomba, nikafikiri vyumba vinne. Nikafikiri pia kwamba nikisema vibaya, nitakuwa nimempoteza yeye, na mume wangu atakuwa katikati yetu kama nguo inayokamuliwa.

"Hapana, Mama," nikasema. "Akae na mimi. Nikishindwa mtihani nitaurudia. Miaka minne yake siwezi kuirudia."

Nilingoja kitu kianguke. Hakikuanguka kitu.

Mama alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyeamshwa. Kisha akaomba kalamu. Nesi akampa ya kwake. Akaandika kwenye karatasi, mahali pawili, herufi zake kubwa zikiegemeana, mkono wa kushoto ukizuia tusione kama mwanafunzi mchoyo. Alipomaliza aliichukua dadu, akaitia mwenyewe kwenye kifuko cha fundi saa, akakivuta kamba. Ndipo akanirudishia karatasi yangu, sawasawa na kanuni ya ukutani.

"Zimwi lako zuri," akasema. "Ila lile la kujikokota ulifute. Mimi sijikokoti."

Akaenda jikoni. Tukamsikia akifungua bomba na kulifunga, akilifungua na kulifunga.

Wenzangu waliaga haraka. Mlangoni fundi saa aliniambia, "Msimulizi, mimi naomba tu turudi kwenye zimwi la pembe," na nesi akanibana mkono. Nilikaa na karatasi. Kwenye *Linaogopa nini?* Mama alikuwa ameandika: *Kuitwa bibi kama bibi yeyote wa njiani.* Na kwenye *Linaondoka lini?* neno moja: *Likijibiwa.*

Mume wangu alirudi magharibi, suruali imelowa hadi magotini. Nilimwambia hata kabla hajaweka mkoba chini, niliogopa nikingoja nitapata dirisha jingine la kupitia.

"Nimemwambia Mama kwamba Chiriku haendi."

"Nani kamwambia?"

"Mimi."

Alitazama jikoni. Mama alikuwa amesimama pale na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Amesema yeye," Mama akasema. "Wewe ulikuwa kwenye barafu." Na akamwambia avue suruali ile kabla hajachafua sakafu iliyopigwa deki.

Usidhani mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Jumapili nzima alizungumza nami kwa maneno machache na ya adabu, kama watu wanaopanga foleni moja. Jioni nililifunga goti lake, la kushoto, na sikujua kama nguvu ninayotumia ni nyingi au kidogo. Aliniacha nifunge. Niliogopa kumwangalia usoni. Nilipomaliza nilibaki pale chini nimeshika ncha ya kitambaa.

"Chiriku anakuita bibi wa redio," nikamwambia. "Alisikia kila kitu chini ya meza. Anataka kujua kwa nini redio zako hazigombani."

Mama alivuta gauni likafunika goti.

"Mwambie zinagombana," akasema. "Kila siku."

Jumatatu asubuhi begi la nyuma ya mlango halikuwepo. Nilitafuta kwa macho nikaliona limekunjwa bapa tena, ndani ya lile kubwa. Sweta ilikuwa imerudi kabatini. Na mlangoni, kwenye mstari wa viatu vyetu, kati ya buti za mume wangu na kandambili zangu, vilikuwa vimekaa vile vyeusi vya kamba, namba ishirini na saba, vinasubiri.

Mume wangu alishika begi. Chiriku alikuwa ameng'ang'ania mguu mzuri wa bibi yake, anamweleza mambo saba kwa pamoja. Mimi nilikuwa na jambo moja. Wiki tano zilikuwa zimebaki kabla ya mtihani. Ningeweza kuliandika. Ningeweza kumwachia mwanawe alifikishe.

"Mama," nikasema. "Mtihani ni siku tatu. Sina wa kumwachia. Utakuja?"

Alinitazama juu ya miwani.

"Unaniuliza, au kuna karatasi mahali?"

"Nakuuliza."

Aliinama taratibu, akaufungua mkono wa Chiriku kidole kimoja kimoja kutoka kwenye gauni lake, na kila kidole alikibusu kabla ya kukiachia.

"Nitakuja," akasema. "Na begi moja."